Jinsi ya kulisoma tabaka dhaifu chini ya theluji kabla mlima haujakuporomokea: mwongozo kamili

Watu wengi wakisikia maporomoko ya theluji wanawaza theluji nyingi iliyoanguka jana usiku ikashindwa kujishikilia. Hiyo ipo kweli, ila inayowachukua hata watu wenye miaka 15 milimani mara nyingi ni nyingine, ni ile inayoanzia kwenye tabaka jembamba, saa ingine unene wa kidole tu, lililotengenezwa wiki tatu nyuma siku ambayo hali ya hewa ilikuwa nzuri kabisa, anga safi, upepo hakuna, kila mtu kafurahi. Dhoruba zilizofuata zikalifunika, sasa juu yake kuna sentimita 70 za theluji inayoonekana imetulia. Ndo maana nasema kwenye theluji usiulize leo kukoje, uliza kwanza msimu huu ulianzaje.

Naandika kwa ajili ya wanaotoka nje ya njia zinazolindwa, kwa skii, kwa ubao, kwa viatu vya theluji au kwa pikipiki za theluji. Kozi ya uwanjani na mwalimu bado ni lazima, hapa nakupa cha kwenda nacho kichwani.

Kwanza elewa kinachovunjika

Poromoko hatari ni lile la bamba. Juu kuna bamba, yani theluji iliyoshikana kiasi cha kutembea pamoja kama kipande kimoja. Chini yake kuna tabaka dhaifu. Chini ya hilo kuna sakafu ya kutelezea, inaweza kuwa gamba la barafu, theluji ya zamani au ardhi yenyewe. Alafu kuna mteremko mkali wa kutosha, na kitu cha kuanzisha. Kwenye ajali zinazokumba watu, karibu mara 9 kati ya 10 kilichoanzisha ni yule aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake wa kundi hilohilo. Hii ni habari mbaya na nzuri kwa pamoja, manake kama sisi ndo tunaoanzisha basi sisi ndo tunaoweza kuacha.

Inavyotokea ni kama ubao mzito uliolazwa juu ya karata nyingi zilizosimamishwa. Unakanyaga, karata za chini ya mguu wako zinaanguka, ubao unashuka kidogo, milimita chache tu, na kule kushuka kunazivunja karata za jirani, na za jirani yake, mpasuko unakimbia makumi ya mita kwa sekunde, haraka kuliko unavyoweza kugeuza kichwa. Ndo maana bamba linakatika juu yako, mita 40 au 100 mbali, na wewe uko katikati yake.

Tabaka dhaifu linavyozaliwa (usiruke hapa)

Ardhi iliyofunikwa na theluji inakaa karibu na nyuzi 0. Hewa ya juu inaweza kuwa baridi sana. Sasa mvuke unapanda kutoka chini kwenye joto kwenda juu kwenye baridi, na ukipanda kwa kasi unazila zile chembe zilizoshikana vizuri na kuzijenga upya zikiwa na pembe na nyuso bapa, chembe zisizoshikana na chochote. Kipimo cha kukumbuka ni nyuzi 1 kwa kila sentimita 10. Tofauti ikizidi hapo chembe zinageuka sukari, ikiwa chini ya hapo zinakuwa za duara na zinashikana.

Hebu piga hesabu. Hewa ni nyuzi 15 chini ya sifuri na theluji ina sentimita 50 tu, hiyo ni tofauti ya nyuzi 3 kwa kila sentimita 10, mara tatu ya kipimo, theluji yote ile inaoza. Baridi ni ileile lakini theluji ni mita 2, inakuwa kama nyuzi 0.75 tu kwa kila sentimita 10, theluji inapona. Kwa hiyo theluji chache na baridi kali mwanzo wa msimu ndo mchanganyiko mbaya kuliko yote, na ndo maana milima ya bara kama Rocky kule Colorado inasumbua kila mwaka wakati milima ya karibu na bahari, yenye theluji nene na baridi ya wastani, matatizo yake huwa yanapona haraka zaidi.

Hiyo sukari ikikaa chini kabisa karibu na ardhi inakua kubwa, ukiitazama kwa lenzi unaona vikombe vidogo vyenye mistari kama ngazi, saa ingine hadi milimita 10. Ukiichota kwenye glavu inamwagika katikati ya vidole kama sukari ya dukani, huwezi kuifinyanga tonge hata ufanyeje. Inaweza kukaa hivyo msimu mzima, imelala, inasubiri mzigo.

Aina ya pili ni sakitu ya juu. Usiku wa anga safi, hewa tulivu na yenye unyevu, uso wa theluji unapoa sana na mvuke unaganda juu yake kwa umbo la manyoya. Asubuhi yanang'aa, ukipita nayo yanalia kama vipande vya kioo vinavyogusana. Ni mazuri mno na yakiwa juu hayana shida yoyote, jua au upepo wa mchana mmoja unaweza kuyamaliza. Tatizo ni yasipomalizwa, dhoruba ikayakuta yamesimama ikayafunika taratibu. Hapo una karata zilizosimama chini ya ubao. Chunga sana sehemu zenye kivuli na zilizokingwa na upepo, maana ndo hubaki, wakati mteremko wa jirani unaopigwa na upepo hauna hata moja.

Ya tatu ni sukari inayoota juu au chini ya gamba, lile gamba linalotokana na mvua au jua kuyeyusha uso alafu ukaganda. Gamba linazuia mvuke, mvuke ukikwama tofauti ya joto pale inakuwa kali ndani ya sentimita chache, na unapata tabaka dhaifu lililobanana na sakafu laini ya kutelezea. Mbaya sana hiyo.

Na muda je? Theluji mpya ya dhoruba peke yake kwa kawaida inatulia ndani ya siku moja hadi chache. Hizi tatu nilizotaja zinadumu wiki nyingi, na sukari ya chini inaweza kulala mwezi mzima bila tukio alafu dhoruba moja kubwa ikaiamsha.

Hatua ya kwanza: anza kufuatilia kabla hujataka kwenda

Chukua daftari au noti kwenye simu. Kuanzia theluji ya kwanza ya msimu andika tarehe, imeanguka sentimita ngapi, upepo umetoka upande gani, kulikuwa na siku ngapi za anga safi baada yake, mvua ilifika urefu gani wa mlima. Sio kazi kubwa, ni dakika mbili kwa siku. Ukifika katikati ya msimu unajua kabisa kuna gamba la tarehe flani na sakitu ya tarehe flani, na ukichimba shimo unajua unatafuta nini badala ya kukodolea macho ukuta mweupe.

Alafu soma taarifa ya maporomoko ya eneo unalokwenda, kila siku, sio siku ya safari tu. Uswisi wana taasisi ya SLF pale Davos, Canada wana Avalanche Canada, Colorado wana kituo chao cha CAIC, na sehemu nyingi za milima zina kituo kama hicho. Viwango ni 5, kutoka hatari ndogo hadi kupindukia. Watu wanaiona namba 3 wanasema aah ni katikati, tutakuwa sawa. Sio katikati. Hatari haipandi kwa kujumlisha bali inapanda kwa kuzidisha, na vifo vingi sana hutokea siku za 3, kwa sababu siku za 4 na 5 watu wengi wanabaki nyumbani.

Usiishie kwenye namba. Soma tatizo lenyewe ni lipi, liko kwenye miteremko inayotazama wapi na kuanzia urefu gani. Kiwango 2 cha theluji ya upepo na kiwango 2 cha tabaka dhaifu la kudumu havifanani hata kidogo. La upepo mara nyingi unaliona na kulisikia chini ya skii. La pili halionekani, pengine sehemu nyingi za kukanyaga hazitafanya kitu, ila ile moja ikikubali inachukua mlima mzima.

Hatua ya pili: chagua mteremko kwa pembe

Hapa ndo penye nguvu yako yote kwa kweli. Tabaka huwezi kulibadilisha, pembe unaichagua. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kwenye nyuzi 30 hadi 45, na zinazovunjika zaidi ni za karibu 38. Chini ya 30 ni nadra kuanza. Kwa hiyo kama kuna tabaka dhaifu la kudumu kwenye eneo, mimi sheria yangu ni moja: nabaki chini ya 30 na sipiti chini ya kitu kinachozidi 30. Hiyo ya pili watu wanaisahau. Unaweza kuwa kwenye tambarare kabisa ukakanyaga, mpasuko ukapanda hadi kwenye mteremko wa juu yako, na mzigo wote ukashuka ulipo.

Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya urefu kila mita 20, mistari ikiachana kwa milimita 1.4 hiyo ni nyuzi 30, ikikaribiana zaidi ni mkali zaidi. Ramani za kwenye app zenye rangi za mwinuko zinasaidia ila zinakosa miteremko mifupi, na mteremko wa mita 15 unatosha kumfukia mtu. Ukifika uwanjani laza fimbo ya skii kwenye theluji, weka simu juu yake, app ya kupima pembe ikuambie. Usikadirie kwa jicho.

Tazama pia utaishia wapi ukibebwa. Korongo, miti, miamba, genge, yote hayo yanageuza poromoko dogo kuwa kaburi, kwenye korongo theluji inajikusanya kwa kina kikubwa hata kama iliyoanguka ni kidogo.

Hatua ya tatu: vifaa

Transiva kwa kila mtu, yani kifaa cha redio kinachotuma na kupokea ishara ya kumtafuta aliyefukiwa, zote duniani zinatumia 457 kHz kwa hiyo aina tofauti zinasikizana. Fimbo ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, ya sentimita 240 kwenda juu. Beleshi la chuma, la plastiki liache nyumbani, theluji ya poromoko ikisimama inakuwa ngumu kama zege. Begi la hewa linapunguza uwezekano wa kufukiwa lakini halikukingi na mti. Kabla hamjaanza kupanda mmoja asimame na kupima transiva ya kila mmoja, inatuma, inapokea, betri iko vipi. Simu isikae karibu nayo, angalau sentimita 20 ikiwa inatuma na 50 ukiwa unatafuta.

Hatua ya nne: njiani, sikiliza

Mara ya kwanza theluji kunisemesha nilikuwa kwenye uwazi tambarare msituni, hakuna mteremko wa maana karibu. Nikahamisha mguu wa kushoto na chini yangu kukatoka mlio mzito, *wuump*, wa chini chini, niliusikia zaidi tumboni kuliko masikioni. Theluji yote ikashuka kama sentimita moja na mti mdogo uliokuwa mita 20 mbele yangu ukatikisika ukamwaga theluji ya matawini, wakati hakuna aliyeugusa. Ule ndo mlio wa tabaka dhaifu likianguka. Ile tambarare ingekuwa nyuzi 35 ningekuwa chini. Tukageuza palepale, na mpaka leo nikiusikia nageuza, hakuna mjadala.

Ishara nyingine zenye uzito uleule ni nyufa zinazokimbia mbele ya skii zako, na poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na unaoutaka, huo ni mlima unakuambia waziwazi. Ongeza hapo theluji mpya nyingi, sentimita 30 kwa saa 24 ni nyingi, mvua juu ya theluji, na joto linalopanda ghafla. Na upepo! Upepo unaweza kurundika theluji upande uliokingwa mara 10 ya kasi ya theluji inayoanguka yenyewe, kwa hiyo anga inaweza kuwa safi kabisa na mteremko ukawa unajazwa mzigo mbele ya macho yako. Ukiona moshi mweupe unapeperuka kwenye kilele basi kuna sehemu ng'ambo inajaa.

Kitu kidogo ambacho nakifanya kila baada ya dakika chache: natumbukiza fimbo ya skii taratibu. Ikishuka kwa ugumu alafu ghafla ikapita kama hakuna kitu, nimekutana na ngumu juu ya laini, na hapo naanza kuwa na maswali.

Hatua ya tano: shimo

Chimba sehemu salama, isiyo na mteremko mkali juu yake, ila inayotazama upande uleule na kwenye urefu uleule na unakotaka kwenda. Usichimbe chini ya mti wala kwenye nyayo za zamani. Mita 1 hadi 1.5 inatosha mara nyingi, maana uzito wa mtu ni nadra kufika chini zaidi ya hapo. Ukuta wa upande wa juu uusawazishe mpaka uwe laini, ikiwezekana uwe kivulini.

Anza na mkono. Sukuma kila tabaka: linaingia ngumi, vidole vinne, kidole kimoja, kalamu, au kisu tu? Unachotafuta ni mruko, mfano kidole kimoja juu na ngumi chini. Kisha pitisha brashi laini kwa upande, matabaka dhaifu yanachimbika na kubaki kama mfereji, magumu yanatokeza. Sakitu iliyozikwa utaiona kama mstari mwembamba wa kijivu, sawa na uliochorwa na penseli, na ni rahisi sana kuupita bila kuuona, kwa hiyo rudia taratibu. Chota chembe weka kwenye kadi nyeusi, tazama kwa lenzi: pembe na mng'ao ni dalili mbaya, vumbi la duara lililogandana ni dalili nzuri.

Sasa jaribio la nguzo ndefu, walilolitengeneza watafiti wa maporomoko Ron Simenhois na Karl Birkeland mwaka 2006. Kata nguzo yenye sentimita 90 kukata mteremko na 30 kwenda juu, uitenge pande zote kwa msumeno au kamba yenye mafundo. Weka beleshi juu ya ncha moja. Gonga mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono tu, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani. Usihesabu tu imevunjika kwenye pigo la ngapi, tazama mpasuko umefika wapi. Ukivuka nguzo yote hadi ncha ya pili kwenye pigo lilelile au linalofuata, hiyo theluji ina uwezo wa kusambaza mpasuko, na mteremko mkali hapo sahau. Ukiishia chini ya beleshi ni afadhali.

Tabaka likiwa ndani sana mapigo hayafiki, tumia la msumeno. Nguzo ya sentimita 30 kwa 100, mita ikielekea juu ya mteremko, ingiza msumeno ndani ya tabaka dhaifu kutoka chini kwenda juu, upande usio na meno. Ikiwa kabla hujafika nusu mpasuko unakimbia wenyewe hadi mwisho, majibu umepata.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Shimo linaweza kukukatalia, haliwezi kukuruhusu. Unene wa theluji unabadilika ndani ya hatua kumi, shimo lako lina mita moja na mteremko una mita mia tatu, na bamba mara nyingi linaanzishwa pale lilipo jembamba, karibu na mwamba uliojitokeza au ukingoni, ambako uzito wako unalifikia tabaka kirahisi. Kwa hiyo shimo likiwa zuri na taarifa inasema kuna tabaka dhaifu, amini taarifa. Nimeona watu wanachimba la pili na la tatu wakitafuta jibu wanalolitaka.

Hatua ya sita: kuamua na kupita

Amueni kwa sauti, kila mtu aseme, na asiye na uzoefu aanze, akianza fundi wengine wote wanameza maneno. Hapana ya mmoja inatosha na haiombwi maelezo. Mtafiti Ian McCammon alichambua ajali nyingi za Marekani akaonesha kwamba watu hawakukosa dalili, walizipita: mahali wamepazoea, wapo na mtu wanayemwamini anajua, kuna kundi jingine linawania theluji ileile. Nyayo za wengine kwenye mteremko sio ushahidi wa usalama, kwa tabaka la kudumu mtu wa kumi anaweza kuwa ndo anayegusa pale pembamba.

Mkipita, mmoja mmoja, wengine wakisimama mahali ambapo poromoko halifiki na macho yakiwa kwake mpaka amalize. Usisimame katikati ya mteremko kusubiri wenzako, hata kama miguu imechoka.

Hatua ya saba: likikuchukua, au likimchukua mwenzako

Ukibebwa piga kelele, jitahidi kutoka pembeni, pigana kubaki juu, na likianza kupungua kasi weka mkono mbele ya uso upate nafasi ya kupumua.

Mliobaki, muda mlionao ni mfupi kuliko mnavyodhani. Zamani ilisemwa dakika 15, hesabu mpya za Uswisi zimeishusha hadi kama 10, baada ya hapo uwezekano wa kumkuta hai unaporomoka. Maana yake waokoaji wa helikopta mara nyingi watachelewa, nyie ndo waokoaji. Kariri alipoonekana mara ya mwisho. Hakikisheni pako salama kuingia, wote mgeuze transiva kwenye kutafuta, pita ukishuka ukitazama juu ya theluji kwa macho pia, maana glavu au ncha ya skii inaweza kukuokolea dakika tatu. Namba za umbali kwenye transiva zikianza kushuka fuata, ukifika mita 3 shusha kifaa usawa wa theluji, tembea polepole, tafuta namba ndogo kabisa kwa msalaba. Hapo choma fimbo kwa pembe ya mraba na uso wa mteremko, kwa mzunguko unaopanuka, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Ukimgusa fimbo iache palepale.

Usichimbe juu yake. Shuka chini ya mteremko umbali wa mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, chimba kuingia kwa upande, wa mbele akate, wa nyuma avute theluji nje, badilishaneni kila dakika moja kabla ya kuchoka. Ukifikia kichwa toa theluji mdomoni na puani kwanza, alafu kifua, na kama hapumui anza kumpulizia palepale hata kama miguu bado iko chini. Na mara tu wote wakishapatikana, kila transiva irudi kwenye kutuma, maana lile bamba la pembeni ambalo halikushuka bado linaning'inia juu ya tabaka lilelile.